Michezo ya Nyimbo Kutoka Amerika, na Baba Yangu

Sijawahi kufika Amerika. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nilicheza michezo ya nyimbo ya Kimarekani kwa miaka mingi hudhani nilipanda ndege, nikaimba New York mbele ya taa kali, kisha nikarudi nyumbani kuzeeka. Niliimba Nyeri mjini, katika ukumbi uliovuja upande wa kushoto, na mambo yalipokuwa mazuri tulifika Karatina, Nanyuki na Kiganjo. Lakini michezo yenyewe ilikuwa ya kweli, na niliiona ikibadilika tangu miaka ya kwanza ya Uhuru hadi nywele zangu zilipoanza kuwa nyeupe. Au niseme niliisikia kooni. Mwigizaji huyajua mabadiliko ya aina hiyo kwa koo kabla hajayajua kwa akili.

Aliyetuletea michezo hiyo alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke Mmarekani aliyekuja kufundisha karibu na Uhuru na akakataa kabisa kurudi kwao. Alikuwa mrefu, alivaa viatu vya kiume, na alipiga piano kana kwamba ilikuwa imemkosea. Dada yake alimtumia santuri kutoka kwao, kwanza za michezo ya zamani, kisha kila mara mchezo mpya ulipovuma. Sisi tulimwita Mwalimu tu, ingawa nusu yetu pia tulikuwa walimu. Waliobaki walikuwa makarani, wauguzi, fundi mmoja wa redio na askari mstaafu wa Kiganjo aliyepiga tarumbeta. Mimi nilifundisha shule ya msingi na nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, ambako mwenye nyumba hakujali nikifanya mazoezi ya sauti mradi nisianze kabla ya watu kuamka.

Sikuwa mrembo. Nilikuwa na meno mazuri na sauti iliyofika ukuta wa nyuma, na siku hizo hayo mawili yalitosha.

Santuri za wakati huo zilibeba nyimbo tu. Maneno yaliyosemwa katikati hayakuwamo, kwa hivyo Mwalimu alitusimulia hadithi kama alivyoikumbuka au alivyoandikiwa na dada yake, na pale asipojua tulijaza wenyewe. Kwa michezo ya kwanza kazi hiyo ilikuwa rahisi mno, kwa sababu nyimbo na hadithi zilikuwa hazijuani. Mchezo wetu wa mwanzo ulimhusu msichana anayefika mjini na sanduku kutafuta kazi katika duka la mkate, na huko anakutana na kijana mchuuzi wa vitana. Wimbo wa pili ungeweza kuwa wa sita na hakuna ambaye angelalamika. Tuliwahi kuupeleka wimbo mmoja kutoka mwisho hadi mwanzo kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa na mazishi na alitaka kuondoka mapema. Mchezo haukujeruhiwa hata kidogo.

Kwa mwigizaji, mtindo huo ulikuwa hivi: unazungumza na mwenzako, mambo yanaendelea, halafu piano inakuita. Unamwacha mwenzako hapo hapo. Unakuja mbele, unainua kidevu, unawaimbia watu, unangoja wakupigie makofi, kisha unarudi kuendelea na mazungumzo kama mtu aliyeacha sufuria jikoni akaenda kumsalimu jirani. Hakuna kilichobadilika ulipokuwa ukiimba. Mimi niliupenda mtindo huo. Haukudai niwe na huzuni wala furaha, ulidai niwe na pumzi.

Tatizo ni kwamba kila mchezo ulikuwa na wimbo wa mapenzi. Msichana na kijana wangesimama chini ya taa, au mti, au saa ya stesheni, na msichana angemwambia kijana kwa sauti kubwa mbele ya wilaya nzima kwamba hawezi kuishi bila yeye. Msichana huyo nilikuwa mimi, na wimbo huo ndio uliomzuia baba yangu kuja.

Baba alikuwa mkulima wa Giakanja, mwenye kahawa na ng'ombe wachache, mzee wa kanisa. Mimi ni binti yake wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Anayetoka nje hudhani hilo ni jina tu. Kwetu ni mtu mzima aliyerudi. Baba aliniita mama tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Alikuwa na sauti ya kufukuzia ng'ombe mlimani, lakini akinigeukia mimi aliishusha, na hata nilipostahili kichapo alitoka nje akamwachia mama yangu kazi hiyo. Mama yangu naye, ambaye kwa hesabu hiyo nilikuwa mama mkwe wake, alilifanyia mzaha jambo lote. "Mama mkwe," angeniambia, "hebu shuka mtoni ulete maji, mimi mkaza mwanao nimechoka."

Nilipokwenda Giakanja kumwalika baba kwenye mchezo wa msichana na sanduku, nilimkuta akikwangua matope kwenye panga. Aliniuliza ndani ya mchezo kuna nini. Nikamweleza bila kuficha.

"Na wewe unaambia huyo mwanaume nini?"

"Ati nampenda. Ni mchezo tu, baba."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kwa wimbo."

Alikwangua panga mpaka likawa safi kuliko lilivyohitaji kuwa. "Mama," akasema, "hiyo mimi siwezi. Wewe ni mama yangu. Mtu hawezi kaa kwa kiti asikize mama yake akililia mwanaume."

Hakukasirika. Angekasirika ningebishana naye, na katika kubishana nilikuwa hodari. Lakini alisema kama mtu anayekuambia kwamba mto umejaa na hakuna daraja. Niliumia sana. Watu wengine wote walikuja, hata kasisi, na mimi nilimtaka baba. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na shambani, na kwenye harusi za watu. Sauti yangu niliitoa kwake. Katika milima yote ile sikio lake ndilo pekee nililoliogopa, na nilitaka linisikie jukwaani walau mara moja kisha liniambie ukweli.

Mama alikuja. Alisema kumwona mama mkwe wake akikumbatiwa na mchuuzi wa vitana ni jambo alilolingojea tangu aolewe. Hakujua Kiingereza. Alikaa na kiondo chake miguuni, akacheka mahali pa kulia na akalia mahali pa kucheka, na kabla hatujainama mbele ya watu mwishoni alikuwa ameshatoka kukimbilia basi, maana ng'ombe hawajui mambo ya jukwaa. Siku iliyofuata alituma salamu kwamba niliimba vizuri ila nguo ilikuwa fupi. Baada ya hapo hakukosa mchezo hata mmoja.

Tangu siku hizo, kila kifurushi cha santuri kilipofika, mimi niliuliza swali moja tu: kuna wimbo wa mapenzi, na ni wa nani? Mwalimu alidhani nautafuta. Ilimchukua muda kuelewa kwamba naukimbia.

Jumamosi moja alituketisha chini, akaweka santuri mpya, akasema tusiongee. Tulisikiliza pande zote mbili. Iliponyamaza, fundi wa redio alisema, "Lakini hii tumeelewa yote. Hakuna mtu ametuambia hadithi." Ilikuwa kweli. Palikuwa na shamba, dada wawili na mto unaokula ardhi yao kila mvua, na tuliyapata hayo yote katika nyimbo. Mwalimu alitueleza kwamba kwao walishaanza kuandika hivyo tangu yeye akiwa msichana. Wimbo hauanzi tena kwa sababu watu wamechoka kuongea, unaanza pale ambapo mtu ana jambo ambalo kuongea hakulitoshi. Dada mkubwa anaanza kuimba akisema hataondoka shambani. Anapomaliza, ameshaamua kuondoka. Wimbo kama huo huwezi kuupeleka mwanzo kwa sababu ya mazishi.

Kwangu ilikuwa kama kufundishwa kutembea upya. Nilizoea kuja mbele. Mwalimu alinizuia mara ngapi sijui. "Usituimbie sisi," alisema. "Mwimbie ndugu yako. Sisi tumepita tu." Nilimwambia huyo ndugu hatanipigia makofi. Akaniambia ndiyo hivyo, hakuna makofi, kuna mtu anayesimama hapo na hataki uende. Nilichukia kwa wiki kadhaa. Halafu siku moja, katikati ya mazoezi, nilisahau kidevu changu, na muuguzi aliyecheza mdogo wangu akaanza kulia bila kuambiwa. Nikajua kazi yangu imekuwa nyingine.

Tulipoupeleka mchezo huo Karatina yalitokea mambo ambayo nadhani Wamarekani hawakuyapangia. Kwetu mtu haimbi peke yake. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwanzishaji asiyeitikiwa ni mtu aliyekosana na watu wake. Nilipoanza wimbo wa dada mkubwa, nimesimama mwenyewe na shida zangu, wanawake wa sokoni waliokaa mbele walivumilia mstari wa kwanza na wa pili. Wa tatu ukawashinda. Wakaitikia. Kwanza kwa maneno, "Ii, sema!" kisha kwa sauti, katika ufunguo uleule, mwisho wa kila mstari. Mwalimu aliwatazama toka kwenye piano na shingo yake ikawa nyekundu. Nilidhani atasimamisha. Badala yake akapunguza mwendo, akawaachia nafasi, na wimbo ukawa mrefu mara mbili na mzuri mara tatu. Tangu hapo tuliacha mapengo katika nyimbo zote. Kama walioziandika wangekubali, sijui, lakini wao hawakuwepo Karatina.

Kwa upande wa baba mtindo huo mpya ulizidisha ubaya. Zamani mapenzi ya jukwaani yalikuwa kama poda, unayapangusa unaporudi nyumbani. Sasa ilibidi yatoke ndani. Karani aliyecheza mpenzi wangu alikuwa baba wa watoto wanne, na mkewe alianza kuja kwenye mazoezi yote na sweta lake la kufuma, akafuma bila kuangalia sindano. Sweta lilipokwisha akaanza lingine. Nilimwalika baba tena. "Bado kuna huyo mwanaume?" akauliza. Nikasema bado. "Basi," akasema, na akaniuliza habari za shule.

Halafu Wamarekani wakagundua miguu. Michezo iliyofuata ilikuwa ya kucheza dansi, na si dansi ya kupamba, bali mtu anagombana kwa dansi, anatoroka kwa dansi, anakufa kwa dansi. Wale waimbaji wa kundi waliosimama nyuma yetu miaka yote kama nguzo za ua, sasa kila mmoja alikuwa na tabia yake na ugomvi wake, na wengine wakaanza kuringa. Tulicheza mchezo mmoja wa namna hiyo Kiganjo, mbele ya vijana waliokuwa wakijifunza uaskari. Walipiga makofi kwa pamoja na wakaacha kwa pamoja, na mpiga tarumbeta wetu akatokwa na machozi ya fahari. Mimi magoti yalikuwa yameanza kutoa taarifa. Mwalimu akanihamisha kutoka kwa msichana hadi kwa mama wa msichana.

Waigizaji wengi wa kike huisikia siku hiyo kama hukumu. Mimi nilifurahi waziwazi, hata Mwalimu akanishangaa. Mama hawaimbi mapenzi. Nilifikiri nimefika. Lakini Wamarekani hawawezi kumwacha mjane apumzike: kila nilipopewa mama mjane, ikifika nusu ya mchezo, anatokea mwenye duka au dereva wa gari moshi, na mjane anaanza kuimba. Mara moja nilikuwa nyanya mtu, mwenye fimbo, nikaona nimesalimika. Wimbo wa mwisho akaja babu wa jirani na maua.

Mimi sikuolewa. Hiyo ni habari nyingine, na si ndefu.

Kisha yakaja magitaa. Mwalimu mwenyewe hakuyapenda, ila dada yake aliandika kwamba huko kwao hakuna kingine kinachozungumzwa, na vijana wetu wapya wakaishika santuri hiyo wakakataa kuiachia. Mchezo haukuwa na hadithi. Watu waliketi ukingoni mwa jukwaa wakaimba juu ya jua, vita na nafsi zao, hasa nafsi zao. Palikuwa na vipaza sauti. Nilipoanza kuimba kwa sauti yangu ya ukuta wa nyuma, kijana mmoja mwenye nywele zisizochanwa akaniambia, "Madam, hakuna haja ya kupiga kelele. Maiki iko." Nilikuwa nimetumia ujana wangu kujifunza kufika ukuta wa nyuma, na sasa waya unafika bila jasho. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu wa shule hapaswi kuyajua.

Mchezo ule niliuchukia na bado nauchukia. Kanisa lilinung'unika, tukanyimwa ukumbi kwa muda. Hata hivyo nitasema haki yake: baada yake hakuna aliyeamini tena kwamba lazima mchezo uishe kwa harusi. Ulivunja mlango, na ingawa waliouvunja hawakuwa na adabu, wengine waliweza kupita. Mama yangu aliutazama hadi karibu na mwisho, na kiondo chake. Nilipomuuliza ameelewa nini akasema, "Hao watoto wako na njaa. Mtu awapatie chakula."

Ulikuwa mchezo wake wa mwisho. Alishikwa na kifua wakati wa mvua ya masika, tukadhani ni homa ya kawaida, na haikuwa hivyo. Tulimzika Giakanja, chini ya shamba la kahawa. Baba aliombwa aanzishe wimbo, akafungua mdomo akaufunga, na mtu mwingine akaanzisha. Baada ya hapo hata kanisani aliacha kuanzisha. Alisema ni koo. Mimi nami niliacha mazoezi kwa muda mrefu, na hakuna aliyenisumbua.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa ameanza kutembea na mkongojo, na alikuwa na santuri aliyoniwekea. "Hii ni yako," alisema. Ilihusu wanawake wanaofua shuka katika hoteli kubwa, siku moja ya kazi, asubuhi hadi jioni. Hapakuwa na msichana wala kijana. Hapakuwa hata na mtu mkuu. Kila mmoja alisimama kwenye beseni lake akaeleza maisha yake, na kelele za mashine zikamkatiza. Nyimbo zenyewe zilikuwa ngeni. Wimbo ulianza kama unakwenda mahali, ukifikiri umeushika unageuka, ukifikiri umekwisha unaanza upande mwingine. Huwezi kuupiga mluzi ukienda nyumbani. Mwalimu alisema hivyo ndivyo walivyotaka, kwa sababu maisha ya watu hayana kiitikio. Sehemu yangu ilikuwa ya mfuaji mzee kuliko wote, anayejaribu kukumbuka mlango wa nyumba aliyozaliwa, ulikuwa wa rangi gani. Niliupitia wimbo wake neno kwa neno, kama mtu anayechambua maharagwe, nikitafuta mwanaume. Hakuwamo.

Jumapili hiyo nikapanda Giakanja. Baba alikuwa ameketi mlangoni na kofia magotini.

"Baba," nikamwambia kabla hata sijapewa kiti, "nimepata mchezo haina mapenzi."

Akavaa kofia. "Ni lini?"

"Jumamosi. Saa nane mchana."

"Nitakuja."

Hivyo tu. Nilirudi mjini kwa miguu sehemu kubwa ya njia kwa sababu sikuweza kukaa kitako. Niliwaambia wenzangu, na nilisema nikiringa, kwamba Amerika ilihitaji miaka hiyo yote kuandika mchezo ambao baba yangu anaweza kuutazama, na sasa imeuandika. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Alisema atamwandikia dada yake awafikishie ujumbe.

Baba alikuja na koti la kanisani. Nilimwona kutoka kwenye upenyo wa pazia, amekaa wima, mikono juu ya mkongojo. Nilifunga na kufungua kamba ya aproni yangu mara tatu, mimi niliyekuwa nimesimama jukwaani tangu wengine hawajazaliwa. Wimbo wangu ulipofika niliuimba vizuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu mwigizaji hujua. Niliukuta mlango wa yule mfuaji, nikausukuma, nikauacha. Watu wa Nyeri walisikiliza kwa heshima. Walijaribu kuitikia mara moja, wakakosa mahali pa kuingilia, wakanyamaza. Baba hakusogea.

Tulikwenda kunywa chai Majengo, katika kibanda kilichokuwa karibu na chumba changu. Nilimwagizia mandazi asiyoyagusa. Nilikuwa na poda shingoni bado na nilingoja kama mtoto aliyepeleka daftari lake kusahihishwa.

"Sauti iko," alisema mwishowe. "Iko sawa. Haijaharibika."

Ningeweza kuishi kwa maneno hayo mwaka mzima. Lakini alikuwa bado anaendelea.

"Wimbo ndio sijaona, mama. Nimeona maneno yamepandishwa na yakateremshwa."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia jinsi michezo ya kule ilivyobadilika, kwamba zamani nyimbo zilikuwa mapambo, baadaye zikabeba hadithi, sasa zinabeba mawazo ya mtu yalivyo, yamevurugika. Alinisikiliza kwa adabu yote anayostahili mama wa mtu. Nilipokwisha akasema, "Ile ya msichana na sanduku ilikuwa nzuri kuliko hii."

"Hiyo hukuiona, baba."

"Niliimbiwa."

Sikuelewa. Akanieleza, polepole, akizungusha kikombe. Kila mara mama yangu aliporudi kutoka ukumbini, alipokuwa akipika, alimsimulia mchezo wote na kumwimbia nyimbo zote. Kiingereza hakuwa nacho, kwa hivyo aliweka maneno yake, lakini sauti alikuwa ameishika sawasawa, kupanda na kushuka. Baba alikaa jikoni kwenye kigoda akasikiliza. Kama mama alisahau mahali, walitafuta pamoja. Ile ya sanduku ilirudiwa miaka mingi, hata wakati wa kuchuma kahawa.

"Kijana wa vitana," baba akasema, "alileta mbuzi ya mahari mwishowe. Si ndio? Na msichana akarudi kwao, mama yake akamfungulia."

"Hapana. Alipanda gari moshi na yule kijana. Hakurudi."

Akafikiri. "Kwa mama yako alirudi. Wote walirudi. Hata yule wa mto. Hata wale watoto wa gitaa, walipewa chakula wakaenda kwao."

Nikacheka kwa nguvu mpaka mwenye kibanda akageuka. Baba naye alitabasamu. Nikamuuliza kama hakuona aibu, nyimbo hizo zote za mapenzi, jikoni.

"Aibu ya nini? Ni bibi yangu, nilimuoa. Mtu anaweza imbiwa na bibi yake."

"Na mimi nilifikiri umekuja leo kwa sababu huu mchezo hauna mapenzi."

"Hapana, mama," akasema. "Nimekuja kwa sababu ule mtu alikuwa ananiletea hayuko." Akanywa chai kidogo. "Na hii ya leo hata yeye hangeweza kuibeba. Haina mahali pa kushika."

Huzuni ilinipanda yote kwa mara moja, ile ambayo sikuwa nimeilia vizuri kaburini kwa sababu nilikuwa na wageni wa kulisha. Kisha nikafanya nililolijua. Nikasogeza kikombe, nikainamia meza, na kwa sauti ndogo sana, isiyofika hata mlango wa kibanda, nikaanza ule wimbo wa msichana na mchuuzi wa vitana. Nilifika neno la tatu.

Baba aliinua mkono upesi, kama mtu anayezuia mtoto asikanyage moto. Uso wake ulikuwa umefunguka alipoisikia sauti ile ya kwanza. Niliuona. Halafu ukajifunga.

"Si wewe," akasema. "Wewe huwezi niimbia hiyo, mama."

"Ni nani basi, baba?"

Alinisogezea sahani ya mandazi. Tuliketi hapo na chai yetu ikapoa. Wimbo nilikuwa nao wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye aliutaka kuliko watu wote niliowahi kuwaimbia, na sikuwa na njia ya kumpa.